Kutafuta kijiji cha babu kwenye ramani za zamani (kwa watu wa Kigoma na Tabora)

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Babu alizaliwa kijiji fulani huko Kasulu, nimetafuta kwenye simu hakionekani, kilifutwa? Ramani ya Mjerumani inapatikana wapi? Nimeipata, mbona siielewi, majina yote yamekaa ovyo? Kila mtu namjibu kivyake, kesho mwingine anauliza hichohicho, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja ili anayeanza aanzie hapa.

Kabla ya yote shika hili maana ndo linalowapoteza wengi: huku kwetu kijiji cha babu yako mara nyingi hakipo pale kilipo kijiji chenye jina hilo leo. Watu walihamishwa, wengine zaidi ya mara moja. Miaka ya 1920 na 1930 Mwingereza aliwakusanya watu wa Uha na Unyamwezi kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya malale, walikotoka kukarudi pori. Ikaja Operesheni Kigoma mwaka 1972 (serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa), afu Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba ikifika mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi kwenye vijiji, watu wakasogezwa barabarani, wengine wakaja na jina lao wengine wakakuta jina jipya. Kwa hiyo ukiona jina la kijiji cha babu kwenye ramani ya leo usifurahi haraka, jina limehama na watu. Mto haukuhama. Kazi yote hapa chini ni kutoka kwenye jina kwenda kwenye mto.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari moja la kazi hii tu, na simu ya kurekodi sauti.
- Kompyuta yenye Google Earth Pro, ni ya bure. Simu inatosha kuangalia ramani ila hatua ya 7 itakusumbua kwa simu.
- Bando la kutosha, ramani zilizoskaniwa vizuri ni nzito.
- Rula na uzi wa kushonea. Uzi ni wa kupimia mto au njia iliyopinda.
- Karatasi zozote za zamani za nyumbani, hata zilizochanika.
- Mzee. Kama una mzee mmoja aliye hai anza leo, ramani zitakungoja.

Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla hujafungua ramani yoyote

Watu wengi wanaruka hapa, wanaingia mtandaoni na jina moja la kijiji, hawapati kitu, wanakata tamaa. Nenda kwa mzee, mpe shikamoo yake, usiende mikono mitupu, na usimhoji kama polisi. Jina la kijiji uliza, lakini lisiwe ndo swali lako kubwa. Uliza mlikuwa mnateka maji mto gani, na huo mto unakwenda kuingia wapi. Mlima mlikuwa mnauona upande gani jua likichomoza. Chumvi mlikuwa mnaifuata wapi. Mnada ulikuwa wapi, na mtu akienda analala huko au anarudi hiyohiyo siku? Mwami alikuwa nani (kama ni Uha) au mtemi (kama ni Unyamwezi), na chini yake mkubwa wa kijiji chenu (Unyamwezi anaitwa mwanangwa) alikuwa nani?

Nikupe mfano uone faida yake. Tuseme bibi wa Kasulu anakwambia jina la kijiji halikumbuki vizuri, ila maji walikuwa wanateka mto Ruchugi, na kanisani walikuwa wanakwenda Kabanga, wanatoka alfajiri jumapili na wanarudi kabla giza halijaingia. Hapo bibi amekupa kila kitu. Mtu mzima na watoto kwenda, kukaa misa na kurudi kwa siku moja, hiyo ni kilomita 12 mpaka 15 kwa upande mmoja, zaidi ya hapo ni ngumu. Weka Kabanga katikati, chora duara la kilomita 15, angalia Ruchugi na vijito vyake vinapita wapi ndani ya duara. Eneo lako la kutafuta limeshakuwa dogo na bado hujagusa jina lolote.

Ukiambiwa "mwendo wa siku moja" na ni safari ya mizigo kichwani, hesabu kilomita 15 hadi 20. Andika na lugha aliyoitumia mzee, kama ni Kiha andika Kiha, tafsiri utafanya baadaye.

Hatua ya 2: Fungua sanduku la nyumbani

Unatafuta stakabadhi za kodi, vyeti vya ubatizo, barua, vyeti vya shule. Stakabadhi ya kodi ya enzi za Mwingereza inaweza kuwa na jina la mtemi au jumbe aliyekusanya, na hilo ni zuri kuliko jina la kijiji kwa sababu linakuweka kwenye himaya fulani, na himaya zina mipaka kwenye ramani na kwenye kumbukumbu za serikali mpaka zilipofutwa baada ya uhuru.

Kama familia ni ya Kikatoliki uliza parokia ya zamani. White Fathers walifika Tabora na Ujiji mwishoni mwa miaka ya 1870 na daftari zao za ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi, na mara nyingi mahali. Kwa upande wa Urambo na Sikonge kuna Wamoravian. Nenda kwa adabu, muone paroko au mchungaji, mweleze unachotafuta, usiombe kupiga picha daftari zima. Wale mapadre wa mwanzo wengi waliandika Kifaransa kwa hiyo Ujiji utaikuta Oudjidji, usishangae.

Hatua ya 3: Chagua ramani ya miaka inayokuhusu

Hapa panataka utulivu. Piga hesabu mtu unayemtafuta alikuwa mtoto lini, afu chukua ramani ya miaka hiyo. Babu aliyezaliwa 1935 huna sababu ya kuanza na ramani ya Burton, yule mpelelezi wa Kiingereza wa miaka ya 1850.

Burton na Speke walipita Tabora mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858. Ramani zao ni nzuri kwa njia ya misafara lakini nje ya njia ile hawakuona kitu. Tabora kwao ni Kazeh, na Urambo huwezi kuikuta kabisa kwa sababu jina limetokana na Mirambo, ambaye hata utawala alikuwa hajaupata.

Mjerumani alikuwepo mpaka 1916 na ametuachia seti kubwa ya ramani inayoitwa Karte von Deutsch-Ostafrika, ya Sprigade na Moisel, iliyochapwa Berlin na Dietrich Reimer. Skeli ni 1:300,000, yaani sentimita moja ni kilomita 3. Kwa baba wa babu au babu wa babu hii ndo ya kuanza nayo.

Mbelgiji alishika Kigoma na Tabora mwaka 1916, Kigoma akaikabidhi kwa Mwingereza 1921. Kwa miaka hii michache usitegemee ramani, tegemea wazee na misheni.

Mwingereza, na Tanzania huru baada yake, ndo kuna zile za 1:50,000 ambazo sentimita 2 ni kilomita 1. Zinaonyesha vijito, vijia, mpaka nyumba. Kwa babu wa miaka ya 1930 na 1940 hizi ndo hasa.

Hatua ya 4: Tafuta ramani yenyewe

Mtandaoni anza na Old Maps Online, unaingiza mahali inakuletea ramani za maktaba mbalimbali duniani zinazogusa hapo. Kwa za Kijerumani andika lile jina la Kijerumani nililotaja, sio "ramani ya Tabora ya zamani". Maktaba ya taifa ya Berlin imeskani nyingi, za Kifaransa zipo Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa. Pakua faili kubwa kuliko yote, usipige picha ya skrini, maana maandishi ya majina ni madogo na picha ya skrini ukiivuta inakuwa ukungu mtupu.

Zile za 1:50,000 ni za upimaji na ramani, wizara ya ardhi. Kila shiti ina namba yake na inachukua dakika 15 kwa dakika 15 za latitudo na longitudo, kama kilomita 28 kwa 28, kwa hiyo usiende kuomba "ramani ya Kigoma", nenda na namba ya shiti au angalau latitudo na longitudo ya eneo lako. Duara ulilochora hatua ya 1 litakusaidia hapo.

Hatua ya 5: Soma pembeni kabla ya katikati

Kila ramani ina maandishi ukingoni na hayo ndo ya kusoma kwanza. Angalia vitu vitatu.

Mwaka. Mwaka wa kuchapwa sio mwaka wa kilichochorwa. Shiti za 1:50,000 huwa zinaandika picha za ndege zilipigwa lini, huo ndo mwaka wako. Shiti iliyochapwa baada ya operesheni inaweza kuwa imetokana na picha za kabla ya operesheni, na ukiipata ya hivyo umepata hazina, maana utaona nyumba zilivyokuwa zimetawanyika kabla watu hawajasogezwa.

Kama mwaka haupo tumia reli. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tawi la Tabora kwenda Mwanza ni 1928, la Kaliua kwenda Mpanda ni karibu na 1950. Ramani yenye tawi la Mwanza bila la Mpanda umeshajua iko katikati ya miaka ipi.

Skeli nimeshaisema.

Mstari wa kuhesabia longitudo. Ramani nyingi za Kifaransa za karne ya 19 zinahesabu kutoka Paris badala ya Greenwich, tofauti ni nyuzi 2 na dakika 20. Inaonekana ndogo lakini huku kwetu ni karibu kilomita 260, kijiji cha Kigoma kitakuangukia ndani kabisa ya Kongo.

Hatua ya 6: Geuza majina

Chukua majina uliyopewa na wazee uyaandike kwa namna zote ambazo mgeni angeweza kuyaandika. Mjerumani anaandika j pale sisi tunapoandika y, kwa hiyo Unyanyembe ni Unjanjembe na Uyui ni Ujui. Kwa j yetu anaweka dj, Udjidji. Ch anaandika tsch, sh anaandika sch, z yetu kwake mara nyingi ni s na v ni w, Uvinza ikawa Uwinsa. Malagarasi utaikuta Mlagarassi. Mfaransa anaweka ou pale penye u.

Ongeza na mambo yetu wenyewe: r na l zinabadilishana (Ruchugi wengine wanaandika Luchugi, na kwa Burton ni Rusugi), mwanzo wa jina unaweza kuwa U, Bu au Wu. Jina moja linaweza kukupa namna nane tisa za kuandika, ziandike zote kwenye daftari ndo ukatafute.

Hapa kuna kosa kubwa naomba ulisome mara mbili. Kwenye ramani za Mjerumani na za wapelelezi waliotangulia, vijiji vingi, hasa Unyamwezi, vimeandikwa kwa jina la mkubwa wa pale: kwa fulani. Yule mkubwa akifa au akihamia bonde la pili, jina linaondoka naye, kwa hiyo jina lilelile kwenye ramani mbili linaweza kuwa sehemu mbili tofauti, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na majina mawili kwenye ramani mbili. Ndo maana nilisema muulize mzee jina la mwanangwa, unaweza kukuta "kijiji" unachokitafuta ni jina la mtu.

Na sehemu nyeupe kwenye ramani usiisome kwamba hapakuwa na watu. Wale walikuwa wanachora walipopita tu, wakiacha njia kilomita 10 hawajui kilichopo.

Hatua ya 7: Laza ramani ya zamani juu ya ya sasa

Fungua Google Earth Pro, nenda eneo lako, menyu ya Add, chagua Image Overlay, weka faili la ramani. Punguza ukolezi mpaka uone ardhi ya sasa kwa chini, afu vuta pembe za picha mpaka alama zilingane. Tumia alama tatu au nne zilizo mbalimbali, sio zote upande mmoja.

Alama nzuri ni makutano ya mito (Ruchugi na Malagarasi pale Uvinza panaonekana vizuri sana), vilele vya milima, daraja la reli, boma la Tabora, misheni ya zamani. Alama mbaya ni jina la kijiji, hilo ndo unalotafuta, usilitumie kujipimia. Alama mbaya nyingine ni ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Ziwa lilijaa mpaka kwenye 1878 hivi likatoboa kwa mto Lukuga, baada ya hapo maji yakashuka sana, ndo maana Ujiji pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871 leo ufukwe uko mbali. Ramani ya zamani ukiilinganisha kwa ufukwe itakudanganya.

Ramani ya 1:300,000 haitakaa sawa kila mahali hata ufanyeje, ilitokana na hesabu za kutembea kwa miguu na dira. Ikikosea kilomita 3 au 5 ni kawaida. Linganisha eneo lako dogo tu, usihangaike na shiti nzima.

Za 1:50,000 zinakaa vizuri, ila ukisoma namba za gridi kwenye shiti na kuziingiza kwenye simu moja kwa moja utakosea kama mita 300, kwa sababu shiti zinatumia mfumo wa Arc 1960 na simu inatumia WGS84. Mita 300 porini ni nyingi, unaweza kupita pembeni ya makaburi usiyaone.

Hatua ya 8: Nenda ukaone

Ukishapata sehemu mbili tatu zinazowezekana, nenda. Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, jieleze kwamba unatafuta asili ya familia, hudai shamba. Liseme wazi kabisa mwanzoni, watu wana wasiwasi na mgeni anayekuja na ramani mkononi, na wana haki.

Maeneo mengi yaliyoachwa leo ni hifadhi au msitu wa serikali. Moyowosi ni pori la akiba, Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Huko huingii bila kibali, na usimfuate mtu anayekwambia anajua njia ya panya.

Mahame yana alama zake. Angalia minyaa iliyojipanga mstari, Unyamwezi ilikuwa inapandwa kuzunguka makazi na inaishi miaka mingi baada ya watu kuondoka. Angalia mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati, vigae vya vyungu, mwinuko wa udongo uliokaa pembe nne pale palipokuwa na ukuta wa tembe, mawe ya makaburi. Miembe mikubwa ni dalili lakini isikutoshe, kwenye njia ya misafara ya Tabora na Ujiji miembe ilipandwa sehemu nyingi. Piga picha, weka alama kwenye simu, usichukue kitu na usichimbe.

Hatua ya 9: Rudi kwa mzee

Rudi na picha umuonyeshe. Usimuulize "hapa si ndo kwenu?" maana kwa kukupenda atakubali. Mwambie tu "nilifika sehemu hii, naomba unieleze" afu unyamaze. Akikwambia mwenyewe mto ulikuwa chini huku na kwa mama mdogo palikuwa pale kwenye mwinuko, hapo andika tarehe na maneno yake.

Ukikwama

*Jina halipo kwenye ramani yoyote.* Inawezekana ni jina la kitongoji, la gunguli (eneo la mwanangwa), au la ukoo, ambavyo mchoraji hakuviandika. Panda juu, tafuta jina la himaya au la mto, ufanye kazi na eneo badala ya nukta.

*Yapo matatu yanayofanana.* Rudi kwenye majibu ya maji na mnada. Lile ambalo mto wake unaelekea alikosema mzee ndo unaanza nalo, mengine usiyafute.

*Wazee wanapingana.* Waulize kila mmoja alikuwa na umri gani walipohama. Mara nyingi wote wako sahihi, mmoja anasema pa kabla ya malale alivyosimuliwa na mama yake, mwingine anasema pa kabla ya operesheni alipoishi mwenyewe.

*Familia ni Wamanyema.* Kwa wengi wa Ujiji na baadhi ya Tabora mjini ramani za huku zitakufikisha ziwani tu. Hamia ramani za Kongo ya Mbelgiji, maeneo ya Kasongo na Nyangwe, majina yako kwa tahajia ya Kifaransa. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana nyingi.

*Babu alikwenda manamba hakurudi.* Waha wengi walikwenda mashamba ya mkonge Tanga. Utahitaji jina la shamba, na mara nyingi lipo kwenye barua au kwa wale waliokwenda naye, ramani ije baadaye.

*Wazee wote wameshatangulia.* Basi kitakachokusaidia ni vitabu vya wilaya, ambavyo wakuu wa wilaya wa Kiingereza walikuwa wanaandika habari za himaya, watemi na maeneo yao. Vinapatikana Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, pamoja na mafaili ya Mjerumani. Ulizia kwanza taratibu za kibali kabla hujakata tiketi ya treni, na uende na jina la himaya na miaka, maana ukifika na jina la kijiji peke yake mhudumu hana pa kuanzia. Jaribu pia majirani wa kijiji mlichohamia, mara nyingi walihamishwa pamoja na babu yako kutoka palepale, na wazee wao wanaweza kuwa wapo.